Kanuni Mpya Isikukute Dukani: Mwongozo Kamili wa Kufuatilia na Kutolea Maoni Kanuni Zinazokuja, kwa Mfanyabiashara Mdogo wa Dar es Salaam

Kila Julai, kanuni na ada mpya za Serikali zinapoanza, swali linarudi lile lile: "Mbona hawakutuambia?" Mara nyingi walisema. Walisema Novemba, kwa lugha ya ofisini, kwenye karatasi ambayo mwenye fremu Tandika hakujua hata kwamba ipo. Mara nyingine kweli hawakusema, au walisema siku ile ile kanuni ilipoanza. Mwongozo huu unakusaidia kwenye hali zote mbili.

Umeandikwa kwa ajili ya mwenye duka, saluni, mgahawa, karakana, bodaboda mbili tatu au kibanda cha miamala. Mwanasheria humhitaji kwa hatua hizi, labda ile ya mwisho mambo yakigoma.

## Andaa hivi kwanza

- Simu yenye intaneti na nafasi ya kuhifadhi faili za PDF.
- Kaunta buku moja, isiyochanganywa na daftari la madeni.
- Nakala za leseni, TIN na vibali vyote, pamoja na risiti za ada ulizolipa mwaka jana.
- Namba za simu za diwani wako, mtendaji wa kata na katibu wa umoja wenu, kama mnao.
- Anwani ya barua pepe unayoifungua. Ile iliyofunguliwa na kijana wa steshenari na nywila akabaki nayo yeye haifai.
- Nusu saa kila wiki.

Fedha haimo kwenye orodha. Kutoa maoni kuhusu rasimu ya kanuni hakulipiwi. Mtu akikuomba "ya soda" ili maoni yako yapokelewe, umefika kwa mtu asiye sahihi.

## Hatua ya 1: Andika orodha ya wanaokutawala

Bandua karatasi zote ukutani, zipange mezani. Kwa kila moja andika mambo matatu: taasisi iliyoitoa, sheria iliyotajwa juu yake, na tarehe ya kuisha.

Mwenye mgahawa Sinza atakuta halmashauri ya Ubungo kwa leseni na taka, TRA kwa kodi, TBS (shirika la viwango) kwa usajili wa jengo la chakula, Zimamoto, OSHA kwa usalama mahali pa kazi, na akipiga muziki kuna COSOTA, ya hakimiliki. Tayari ni milango sita. Kanuni mpya inaweza kutokea kwenye mlango wowote, na wengi wanachungulia mmoja tu, wa TRA.

Kwa nini uanze hapa? Kwa sababu taasisi zenyewe huhama. Hadi katikati ya 2019 chakula na vipodozi vilisimamiwa na TFDA. Kuanzia Julai 2019 kazi hiyo ilikwenda TBS, na TFDA ikabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina jipya la TMDA. Badiliko hilo lilipitia Sheria ya Fedha ya 2019, ile ambayo watu huifungua kutafuta kodi peke yake. Aliyeishia kwenye viwango vya kodi alilipitia juu juu.

Tahadhari: Dar es Salaam ina halmashauri tano: Jiji la Dar es Salaam (lililokuwa Ilala hadi 2021), Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Sheria ndogo ya Temeke haimfungi mtu wa Kinondoni. Ukiwa na duka Mbagala na jingine Mwenge, hayo ni mabaraza mawili ya madiwani na vitabu viwili vya ushuru. Kuna watu wameniletea tangazo la halmashauri ya jirani wakiwa wamekwishapandisha bei kwa sababu yake.

Utajua umefanikiwa ukiwa na ukurasa mmoja wenye majina manne hadi manane, na mbele ya kila jina kuna sheria yake.

## Hatua ya 2: Pima habari uliyoisikia iko ngazi gani

Hapa ndipo wengi wanaanguka. Mtu anasikia redioni "Serikali kupiga marufuku", anauza mzigo kwa hasara. Mwingine anasikia habari hiyo hiyo, anasema "hao wanaongea tu", anaagiza kontena.

Habari ya kanuni hupanda ngazi. Chini kabisa kuna kauli: waziri kasema, mkuu wa mkoa kaagiza. Juu yake kuna rasimu, inayotembezwa kwa wadau. Kama jambo linahitaji sheria nzima, kuna muswada unaokwenda Bungeni, kisha sheria yenyewe baada ya Rais kusaini. Chini ya sheria, waziri hutunga kanuni au amri, na halmashauri hutunga sheria ndogo. Hizi huchapishwa kwenye Gazeti la Serikali na kupewa namba ya Tangazo la Serikali, ile inayoandikwa GN au TS. Baada ya hapo huja miongozo na nyaraka za utekelezaji.

Kumbuka hili: sheria mama mara nyingi haisemi utalipa shilingi ngapi wala utajaza fomu gani. Hayo yamo kwenye kanuni. Mtu akikuambia "nimesoma sheria, hakuna ada hiyo", muulize kama amesoma na kanuni zake.

Chukua mfano wa mifuko ya plastiki. Tarehe 9 Aprili 2019 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza Bungeni kwamba mwisho wa matumizi ni 31 Mei. Kanuni zilichapishwa kama GN Na. 394 ya tarehe 17 Mei. Zikaanza kutumika 1 Juni. Hesabu mwenyewe: aliyeichukulia kauli ile kwa uzito alipata siku 53 za kumaliza stoo. Aliyesubiri karatasi alipata 15. Na aliyesubiri karatasi alikuwa na haki kisheria, ila mzigo ulimdodea vile vile.

Kwa hiyo kauli usiipuuze na usiifanye sheria. Ikitajwa tarehe, punguza oda ya bidhaa inayohusika, usiitupe iliyopo. Rasimu ikitoka, toa maoni. Ikipata namba ya GN, badilika.

Utajua umefanikiwa pale kila habari kwenye kaunta buku lako ikiwa na neno moja mbele yake: kauli, rasimu, muswada, au GN na namba yake. Sauti iliyotumwa mara nyingi WhatsApp haipewi neno lolote mpaka uione hati.

## Hatua ya 3: Bandika kalenda ya mwaka ukutani

Mwaka wa Serikali huanza 1 Julai na kuisha 30 Juni, na kanuni nyingi zinazogusa mfuko hutembea kwa mapigo hayo.

Miezi ya mwisho wa mwaka wa kalenda, Wizara ya Fedha hutoa tangazo la kualika mapendekezo ya maboresho ya kodi, ada na tozo kwa mwaka wa fedha unaofuata. Huu ndio mlango mpana kuliko yote na ndio wenye watu wachache. Novemba, Bunge hupokea mapendekezo ya mpango wa maendeleo na mwongozo wa bajeti. Kuanzia Januari hivi, halmashauri hupitisha makisio yao kwenye mabaraza ya madiwani. Ushuru wa soko na ada ya taka hupikwa hapo.

Aprili hadi Juni ni Bunge la bajeti, Dodoma. Usisubiri hotuba kuu ya Juni peke yake. Hotuba ya wizara ya viwanda na biashara, ya TAMISEMI (wizara ya serikali za mitaa), ya mazingira, kila moja ina kurasa za mwisho zinazosema "katika mwaka ujao wizara itaandaa kanuni za…" Sentensi hizo ndizo unazozitafuta. Ni orodha ya mipango yao, wameiandika wenyewe.

Juni inasomwa bajeti na Muswada wa Sheria ya Fedha unaingia. Kamati ya Bunge ya Bajeti hukutana na wadau. Julai mosi inaanza. Kati ya muswada na kuanza kutumika ni wiki chache, na ndiyo maana anayezinduka Juni hukuta makombo.

## Hatua ya 4: Nusu saa ya kila wiki

Gazeti la Serikali hutoka kila Ijumaa, kwa hiyo Jumamosi asubuhi kabla wateja hawajajaa ni wakati mzuri. Zunguka hivi:

Anza na TanzLII, mtandao wa bure unaohifadhi sheria, matangazo ya Serikali na Magazeti ya Serikali. Tafuta kwa jina la sheria yako kutoka hatua ya 1. Kisha tovuti ya Bunge, sehemu ya miswada. Kisha tovuti ya kila taasisi kwenye orodha yako, sehemu ya matangazo kwa umma; usisome habari za ziara na picha za wakubwa. Kama unatengeneza au kuagiza bidhaa, ongeza ukurasa wa TBS wa rasimu za viwango zinazosubiri maoni. Viwango hivyo vikigusa biashara ya nje hupelekwa pia Shirika la Biashara Duniani, na mfumo wa ePing hukutumia barua pepe bure kila nchi inapotoa taarifa. Jisajili mara moja, chagua Tanzania na bidhaa zako.

Wa daladala, bajaji na bodaboda: LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, huita wadau ukumbini kabla ya kubadili nauli, na mikutano hiyo hutangazwa magazetini.

Usisahau ubao wa matangazo wa halmashauri na wa ofisi ya kata. Najua unaonekana wa kizamani. Sheria inaitaka halmashauri iwatangazie wakazi nia ya kutunga sheria ndogo na kupokea maoni yao kabla rasimu haijapelekwa kwa Waziri kuidhinishwa, na tangazo lenyewe mara nyingi ni karatasi moja iliyobandikwa chini ya orodha ya walioitwa kwenye usaili. Piga picha, nenda zako.

Tahadhari ya namba: herufi baada ya namba ni sehemu ya namba. Amri ya kuzuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara ni GN Na. 487A ya 2025. Ukitafuta 487 bila A, utapata kitu kingine na utabishana na watu bure.

## Hatua ya 5: Soma hati kuanzia nyuma

Kanuni inaweza kuwa na kurasa 40. Usianze na ukurasa wa kwanza.

Jedwali, mwishoni. Huko ndiko ziliko ada, fomu na viwango vya faini. Ukiona kinachokuhusu, ndipo urudi mbele.

Tarehe ya kuanza. Iko kwenye vifungu vya mwanzo. Hati ikikaa kimya, Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, inasema kanuni huanza siku ilipochapishwa. Kimya hicho kimewagharimu wengi.

Tafsiri. Kifungu cha maana za maneno ndicho kinachoamua kama umo au haumo. Kanuni za plastiki zilikataza mifuko ya kubebea na kuacha vifungashio vya bidhaa kama za viwandani, kilimo na chakula kinachosindikwa. Neno "kubebea" ndilo lililotenganisha kilichoruhusiwa na kilichokatazwa. Wauza karanga waliolielewa walijua wamesimama wapi; waliosikia "plastiki" tu walitupa hata walichoruhusiwa.

Masharti ya mpito. Je, mwenye leseni ya zamani anaruhusiwa kuendelea? Amri ya 487A, kwa mfano, iliwaacha wasio raia wenye leseni hai waendelee mpaka leseni ziishe.

Makosa na adhabu. Soma hata kama unadhani hayakuhusu. Amri hiyo hiyo haikumlenga mgeni tu. Raia anayemsaidia mgeni kufanya biashara iliyokatazwa anakabiliwa na faini ya shilingi milioni 5 au kifungo kisichozidi miezi mitatu. Mtu wa Kariakoo aliyekodisha jina lake kwenye leseni kwa "ahsante" ya kila mwezi alipaswa kukisoma kifungu hicho kabla ya mtu mwingine yeyote.

Lugha isikutishe. Tangu marekebisho ya 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria, ingawa hati za Kiingereza bado ni nyingi. Ukikutana na ya Kiingereza, mtafute kijana anayejua akusomee vifungu hivyo vitano tu.

Utajua umefanikiwa ukiweza kumweleza msaidizi wako wa dukani, kwa sentensi tatu: inaanza lini, inatutaka nini, tusipofanya kitatokea nini.

## Hatua ya 6: Andika maoni yanayoweza kutumika

Nitakaa hapa kidogo, maana ndipo tunapofeli kwa pamoja.

Mwaka mmoja niliwasindikiza mama ntilie kadhaa kwenye ukumbi wa halmashauri moja ya hapa jijini. Tulikuwa na uchungu wa kweli. Dada mmoja alisimama akaeleza bei ya mkaa, watoto, mgambo, mvua. Ukumbi ukapiga makofi. Ofisa akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole: "Kifungu kipi, mama?" Hakuna aliyekuwa nacho. Tukarudi na makofi yetu.

Wale maofisa baada ya kikao hukaa na jedwali. Safu ya kwanza ni kifungu, inayofuata maoni ya mdau, kisha uamuzi. Neno lisilo na kifungu halina pa kuandikwa. Basi wape maoni yako yakiwa yamekwishakatwa kwa umbo hilo. Tuseme rasimu inaweka ada moja ya taka kwa "mgahawa". Andika hivi:

> Kifungu: Jedwali la Pili, kipengele cha 7.
> Kinavyosema: Mgahawa utalipa shilingi 30,000 kwa mwezi.
> Tatizo: Neno "mgahawa" halikutafsiriwa. Linamkusanya mama ntilie mwenye meza mbili na hoteli yenye viti 80. Mimi natoa ndoo mbili za taka kwa siku. Nimeambatisha picha za wiki moja.
> Pendekezo: Kigawanywe kwa idadi ya viti: (a) hadi viti 10, (b) viti 11 hadi 40, (c) zaidi ya 40, kila kundi na kiwango chake.
> Faida kwa halmashauri: Wadogo watalipa kwa hiari, na gharama ya kuwafuatilia itapungua.

Mstari wa mwisho usiuache. Anayepitia maoni ana lengo la makusanyo mezani. Ukimwonyesha kwamba pendekezo lako halimwachii pengo, umemsaidia kulitetea kwa bosi wake.

Tumia hesabu zako mwenyewe: mauzo ya wiki, ada zote unazolipa kwa mwaka, siku ulizofunga duka kufuatilia kibali. Risiti za mwaka jana ndizo ushahidi. Usiandike "wafanyabiashara wote wanateseka". Huwajui wote, na msomaji anajua hivyo.

Tahadhari: pendekezo la "ifutwe" peke yake ni rahisi kukataliwa. Ukitaka ifutwe sema, lakini weka na pendekezo la pili, "ikishindikana, basi…"

Kurasa mbili zinatosha.

## Hatua ya 7: Peleka kwenye mlango sahihi, na ubaki na ushahidi

Rasimu ya halmashauri inakwenda kwa mkurugenzi, nakala kwa diwani. Diwani ndiye anayepiga kura kwenye baraza. Mpe nakala mkononi, mweleze kwa dakika tano. Kanuni ya wizara inakwenda kwa Katibu Mkuu kwa anwani iliyo kwenye tangazo. Muswada unakwenda kwa Katibu wa Bunge ili ufike kwenye kamati husika. Matangazo ya Bunge hupokea maoni kwa barua pepe, huna haja ya nauli ya Dodoma.

Ukipeleka kwa mkono, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Ukituma kwa barua pepe, hifadhi picha ya ujumbe uliotumwa. Bila hivyo, ukilalamika baadaye utaambiwa hukuleta kitu, na utakosa la kujibu.

Peleka na kupitia umoja wenu pia. JWT (jumuiya ya wafanyabiashara), TCCIA (chemba ya biashara), VIBINDO (wafanyabiashara wadogo), SHIUMA (wamachinga) na wengine hualikwa kwenye meza ambazo wewe peke yako huitwi, yakiwemo mabaraza ya biashara ya mkoa na wilaya. Ila usiwaachie kila kitu. Umoja huchanganya maoni ya mamia, na kipengele chako cha 7 kinaweza kupotelea kwenye sentensi ya "wadau walishauri ada zipunguzwe".

## Hatua ya 8: Ikishapita

Kanuni iliyochapishwa bado inaguswa. Bunge lina Kamati ya Sheria Ndogo inayopitia kanuni na sheria ndogo baada ya kuchapishwa, na huibua zinazopingana na sheria mama au zenye makosa. Ukiona kasoro ya namna hiyo, iandikie kwa umbo lile lile la hatua ya 6. Viwango navyo hurudi nyuma: tozo ya miamala ya simu ilianza 15 Julai 2021, ikapunguzwa kwa asilimia 30 Septemba mwaka huo huo baada ya kelele. Mgomo wa Kariakoo wa Mei 2023 nao ulimleta Waziri Mkuu Mnazi Mmoja kusikiliza, usajili wa stoo ukiwa mmoja wa mizigo iliyolalamikiwa. Lakini kufunga duka ni ghali, na siku zile za kufunga hakuna aliyerudishiwa mauzo.

Wakati unasubiri, tii. Piga hesabu mpya ya bei kabla ya siku ya kuanza, si baada ya faini ya kwanza. Omba kibali mapema, maana wiki ya mwisho mifumo hulemewa. Lipa kwa kumbukumbu namba ya malipo ya Serikali (control number) tu, na jina litakalotokea kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri liwe la taasisi, si la mtu. Mkaguzi akija, muombe kitambulisho na namba ya GN anayoitekeleza. Uliza kwa heshima, "Samahani afande, ni tangazo namba ngapi?", huku kaunta buku likiwa wazi kwenye ukurasa wake.